Shajara ya ulingo: siku 41 hadi kengele

Zimebaki siku 41

Nimepokea kazi ambayo sijawahi kuigusa. Kwa miaka kumi na tisa nimechomelea mageti, madirisha, bodi za Fuso na majukwaa ya harusi hapa Mwanjelwa, Mbeya, lakini ulingo wa ngumi nimeuona kwenye televisheni tu. Promota alikuja na picha kwenye simu akaniuliza kama naweza. Fundi wa Mwanjelwa haulizwi kama anaweza, anaulizwa lini. Nikamwambia siku 35.

Pambano ni la mkanda wa taifa, ngumi za kulipwa, uzito wa super welter, raundi 10. Bingwa mtetezi anatoka Dar es Salaam. Mpinzani ni wa hapa hapa; mama yake ndiye anayeniuzia chai na chapati kila asubuhi, na yeye mwenyewe nilimfukuza gereji akiwa na miaka tisa kwa kuiba vipande vya nondo. Mtaa mzima unamwita Dogo, nami nitamwita hivyo.

Kuleta ulingo wa kukodi kutoka Dar ni lori zima kupanda mlima Kitonga, kilomita 800 na ushee kuja, na kurudi ni hivyo hivyo. Promota alipiga hesabu akaona heri ujengwe huku na ubaki huku. Malipo ni mafungu matatu: la kwanza leo, la pili ulingo ukisimama, la tatu baada ya pambano. Hilo la tatu nimeliwekea alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

Zimebaki siku 39

Nimeenda kwa kocha wa Dogo, ambaye wote wanamwita Mwalimu. Mazoezi yanafanyika kwenye ghala la zamani la mahindi, Ilomba. Ulingo wao ni sakafu ya saruji iliyochorwa chaki, kamba tatu za kuanikia nguo, na nguzo moja ambayo ni nguzo ya jengo lenyewe. Nikamwamkia, nikatoa daftari.

Mwalimu anavijua vipimo kama mtu anavyojua sala. Kamba nne kila upande, kwa kimo cha sentimita 40, 70, 100 na 130 kutoka kwenye turubai. Jukwaa liwe na kimo cha kama mita moja, na sakafu yake ivuke kamba angalau futi mbili kila upande, ili mtu akitoka kati ya kamba asidondoke moja kwa moja chini. Juu ya mbao sponji ngumu ya inchi moja, juu ya sponji turubai lililokazwa. Kona moja nyekundu, moja ya buluu, mbili nyeupe.

Ukubwa wa ndani ndio wenye maneno. Ulingo wa ngumi za kulipwa unaruhusiwa kuwa na futi 16 hadi 24 kila upande, ukipimwa ndani ya kamba. Futi nane za hiari! Kwenye geti langu, nikikosea inchi mbili mwenye nyumba ananiita mwizi.

"Hizo futi nane, fundi, ndizo pambano lenyewe," Mwalimu alisema. Bingwa ni mrefu, ana mkono wa kushoto mrefu kama mwiko wa pombe, anapenda kuzunguka. Dogo ni mfupi, anaingia ndani, anapiga mbavu. Ulingo mkubwa ni shamba la bingwa, ulingo mdogo ni jiko la Dogo. Kisha akanipa kisa cha Aprili 1987, Marvin Hagler akiwa bingwa wa uzito wa kati na Sugar Ray Leonard mpinzani ambaye katika miaka mitano alikuwa amepigana mara moja tu. Upande wa Leonard ulimwachia Hagler fungu kubwa la fedha, wenyewe ukaomba vitu vitatu: raundi 12 badala ya 15, glavu za aunsi 10, na ulingo wa futi 20. Leonard akacheza kwa miguu usiku kucha, akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. "Hagler alichukua pesa, Leonard akachukua nafasi."

Nikamuuliza mkataba wetu unasemaje. Futi 20. Alilitamka kama mtu aliyetajiwa deni.

Zimebaki siku 36

Hesabu zimekubali. Jukwaa zima ni futi 24 kwa 24. Marine bodi moja ni futi 8 kwa 4, kwa hiyo 18 zinafunika bila kukata hata kipande. Chini yake mbao za paini mbili kwa sita, kila baada ya futi mbili, mistari 13. Mbao za futi 12 zinaunga mbili mbili, jumla 26. Chini kabisa fremu ya skwea paipu yenye miguu 16, kila kitu kwa bolti ili kifunguke na kuingia kwenye Canter. Sijawahi kupata mchoro ulionyooka namna hii. Nimeubandika ukutani.

Zimebaki siku 33

Mbao zimefika, paini ya Sao Hill kutoka Mafinga, kavu, harufu yake imefunika hata moshi wa kuchomelea. Nilipokea 28, mbili za akiba.

Bodi zimeniudhi. Duka lilikuwa na 16 tu za milimita 18. Mbili zilizobaki ni za milimita 15, na muuzaji akaniambia mzigo mwingine "unakuja wiki ijayo", wiki ambayo mafundi wote wa Mbeya tunaijua. Nikachukua. Hadibodi ni milimita tatu, 15 na 3 ni 18, nitaweka vipande juu ya mbao chini ya hizo bodi mbili na sakafu itakuwa sawa. Nimeandika kwa chaki nyuma yake: NYEMBAMBA. Nitazipeleka pembeni, kwenye kona, maana kazi ya ngumi inafanyika katikati.

Zimebaki siku 30

Umeme hakuna tangu saa mbili asubuhi. Vijana wamecheza drafti. Saa kumi umerudi, saa kumi na nusu umeondoka.

Zimebaki siku 27

Leo nimefanya kosa ambalo lingeweza kunipa jina zuri mtaani.

Nguzo nne ni bomba la inchi nne. Nilizisimamisha kwenye fremu, umbali wa futi 20 kutoka nguzo hadi nguzo, nikafunga kamba za mwanzo kwa majaribio. Kamba hazigusi nguzo. Katikati ya nguzo na kamba kunakaa skrubu ya kukazia, ile yenye nati ndefu katikati ambayo watu wa minara hutumia kukaza nyaya, na juu yake mto wa kona. Skrubu inavuta kamba kwa mshazari. Nilipopima ndani ya kamba nikapata mita 5.5. Futi 18! Kila kona ilikuwa imekula futi moja.

Mwalimu alikuwepo, amekuja "kusalimia tu". Alipiga hatua kutoka kamba hadi kamba, akahesabu kwa midomo, akarudi tena akihesabu. Halafu akaketi kwenye ndoo ya rangi, akanitazama.

"Fundi, huo ulingo umependeza sana. Usiuguse."

"Mkataba unasema 20, Mwalimu."

"Mkataba unasema futi 20. Nguzo zako zina futi 20. Nani amekosea?"

Nakiri nililala nalo. Futi mbili hazionekani kwa macho, na futi 18 si uharamu, ziko ndani ya zile 16 hadi 24. Chai ya asubuhi naipata kwa mama yake Dogo, tena kwa mkopo. Lakini mtu akija na tepu siku ya pambano atakayeaibika si Mwalimu, ni mwenye spana. Na zaidi ya hapo, kama kweli Dogo anaweza kuuchukua mkanda, sitaki mtu aseme aliuchukua kwa kipimo changu.

Zimebaki siku 26

Nimekata masikio yote ya fremu, nimesogeza nguzo nje hadi mita 6.7. Ndani ya kamba sasa ni mita 6.1 kila upande, na mshazari kwa mshazari sawa. Siku nzima imepotea, diski nne za grenda, pakiti moja na nusu ya rodi. Mwalimu hajaja kusalimia.

Zimebaki siku 24

Amekuja. Safari hii kwa habari ya sponji. Anataka mbili, inchi moja juu ya inchi moja. Sababu aliyotoa ni usalama: bondia akianguka, kichwa kinapogonga sakafu ndicho kinacholeta msiba, si konde peke yake. Hilo ni kweli na sikubisha. Lakini sababu ambayo hakuitoa naijua pia. Sakafu laini inameza miguu, na anayekula hasara ni yule anayezunguka. Ni kama kukimbia kwenye shamba lililolimwa jana.

Nikamwambia kama ni hivyo basi tumuulize meneja wa bingwa. Akacheka, akanisimulia ya Kinshasa, maana Mwalimu hashindwi hoja, anabadilisha kisa tu. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilipangwa Septemba 1974, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Likapiganwa karibu saa kumi alfajiri ili Marekani waone usiku wao. Kamba zilikuwa zimelegea. Angelo Dundee, kocha wa Ali, alikuwa amehangaika nazo kuzikaza kabla ya pambano, na bado zikalegea. Ali akaziegemea, akamwacha Foreman arushe makonde mpaka mikono ikaisha nguvu, raundi ya nane akamwangusha. "Kila mtu anazungumzia akili ya Ali. Hakuna anayemzungumzia aliyefunga zile kamba."

Hapo alinigusa. Huyo fundi wa Kinshasa nimemfikiria jioni nzima: alijisikiaje kesho yake, na kama kuna mtu alimlipa fungu la tatu.

Sponji ni moja. Ngumu.

Zimebaki siku 20

Rangi haikauki. Juni ya Mbeya. Nyekundu nimepaka juzi, leo ukigusa inakubusu kidole. Tumeziweka nguzo karibu na jiko la mkaa la mama chai, naye ameniambia nikimchafulia sufuria nitakunywa chai ya Ilomba.

Zimebaki siku 18

Turubai. Watu wengi wangechukua lile la nailoni la bei rahisi, na lingewaua. Likilowa jasho linateleza kama ganda la ndizi. Linalotakiwa ni la pamba, zito. Bahati yetu ni kwamba barabara ya Tunduma inapita hapa na malori hayaishi, kwa hiyo mafundi wa maturubai wapo, wana mashine zinazoshona kitu kinene kama mkanda wa polisi. Mzee mmoja ameunga vipande vitatu kwa mishono miwili miwili, bapa, bila kifundo cha kumkwaza mtu, akazungusha matundu ya pete pembeni ili tulifunge kwa kamba chini ya jukwaa. Alipoambiwa ni la pambano la Dogo alipunguza bei kidogo, halafu akaomba tiketi mbili, ambazo zinazidi alichopunguza.

Kamba za manila zimevishwa sponji nyembamba na leza ya makochi, kazi ya fundi sofa wa jirani. Kila upande nimeweka vifungo viwili vya wima vinavyoshikanisha kamba nne, zisiachane mtu akapita katikati.

Zimebaki siku 12

Bingwa amewasili. Nilidhani anakuja mapema kwa heshima ya mji, kumbe ni kwa ajili ya mapafu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, yeye amezoea pwani. Asubuhi ya kwanza alikimbia kidogo tu, watoto wa shule wakampita. Dogo kila alfajiri anapanda barabara ya Chunya na kurudi.

Ni mtu mpole. Nilitarajia maringo, amekuja gereji, amenisalimia, amevua viatu kabla ya kukanyaga bodi. Amecheza miguu peke yake kama dakika tatu, kushoto, kulia, nyuma, bila kusema neno. Meneja wake ndiye aliyetoa tepu. Akapima pande zote nne na mishazari miwili, akaandika. Mita 6.1, mita 6.1, mita 6.1, mita 6.1. Akanipa mkono.

Bingwa alipokuwa anavaa viatu aliniuliza: "Kona hii mbona ina mlio tofauti?" Alikuwa amesimama juu ya zile bodi mbili. Nikamweleza habari ya hadibodi. Akabonyeza kwa kisigino, akasema ni sawa tu, haibonyei. Na kweli siku hiyo haikubonyea.

Zimebaki siku 8

Jaribio la uzito. Wanaoumiza ulingo si mabondia wawili na refa. Ni pale pambano linapoisha, wanapopanda makocha, mapromota, wapiga picha, mashabiki na mjomba wa kila mtu. Nilitaka kuujaribu na watu, vijana wakadai posho. Basi nikaongea na dereva aliyekuwa anatoka Uyole na viazi, akatushushia magunia 25 ya lumbesa, yale yaliyojazwa kupita mdomo, juu ya jukwaa kwa saa moja. Ukipiga kwa kilo 100 tu, ni tani mbili na nusu, na lumbesa yenyewe mnaijua haikubali kuitwa kilo 100. Fremu haikusema kitu. Bolti mbili tu zilihitaji spana.

Picha ya magunia ya viazi yakiwa ulingoni imezunguka mjini kuliko bango la pambano.

Zimebaki siku 7

Fungu la pili limelipwa nusu. "Nusu nyingine Ijumaa."

Zimebaki siku 5

Msimamizi wa Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa amekagua. Ameuliza ngazi. Nilikuwa nimetengeneza mbili, nyekundu na buluu. Akaniambia ya tatu iko wapi, ya daktari, kwenye kona nyeupe. Nikasema nitaongeza. Akasema haitoshi kuongeza, iwe pana ya kupitisha machela.

Alinieleza kwa upole kwa nini ana ukali huo. Novemba 1982 Kim Duk-koo wa Korea Kusini, mpinzani, alipigana na bingwa Ray Mancini raundi 14, akafariki siku nne baadaye. Baada ya hapo WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, ikaondoa raundi 15 kwenye mapambano yake ya ubingwa, zikabaki 12, na wengine wakafuata. Nimeitengeneza ngazi usiku huo huo, upana wa futi nne. Ndiyo kazi pekee katika ulingo huu ambayo naomba isitumike.

Imebaki siku 1

Ulingo umesimama ukumbini, saa tano na nusu za kufunga, watu sita. Kona ya bodi nyembamba imeangukia buluu. Ningeweza kuzungusha fremu ili iende kwenye nyeupe, lakini ilikuwa saa saba usiku na vijana walikuwa wamechoka. Naandika hilo kama lilivyo.

Upimaji uzito ulifanyika nje, umati mkubwa. Kikomo ni kilo 69.85. Bingwa 69.5, Dogo 69.8 baada ya kuvua mpaka soksi. Mtu akapiga kelele, "Mama chai apunguze chapati!" Mama chai alikuwa mbele kabisa na hakucheka.

Dogo alikuja kunisalimia baadaye. "Shikamoo, fundi." Marahaba. Tangu Septemba 2018, Mtanzania Hassan Mwakinyo alipommaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, huyu mtoto hajafikiria kitu kingine. Alikuwa bado ananuka utoto. Aliniomba jambo moja tu: kuukanyaga ulingo kabla ya kesho. Alizunguka mara mbili, akaja kusimama kona ya buluu, akaruka ruka pale pale. "Umekaa vizuri," akasema.

Siku yenyewe

Nilipewa kiti chini ya kona nyeupe, spana mfukoni, tochi mkononi. Baada ya pambano la nne la utangulizi nilipanda kukaza kamba ya juu, watu wakanishangilia kama bondia. Nikainua mkono. Sitapata tena nafasi hiyo.

Mtu anayekaa chini ya ulingo haoni pambano vizuri, analisikia. Miguu ya bingwa ilikuwa inapapasa, shaa, shaa, shaa, kama mtu anafagia. Ya Dogo ilikuwa inapiga, dum, dum. Raundi tatu za kwanza nilisikia ufagio tu. Mkono wa kushoto wa bingwa ulifika kila ulipotaka, na ulingo ule wa mita 6.1 nilioupigania ulimpa kila alichohitaji. Nyuma yangu mtu alisema, "Ulingo mkubwa sana huu, nani kaujenga?" Sikugeuka.

Raundi ya nne Dogo alimpata mbavuni kwenye kamba za upande wa magharibi, na kamba zikamrudisha bingwa vizuri, hazikummeza. Raundi ya tano vile vile. Raundi ya sita ufagio ulianza kukata, shaa... shaa... na nikajua kwamba mita 1,700 zimeanza kudai. Raundi ya saba bingwa alirudi kwenye stuli akiwa amefungua mdomo. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Nilichokiona mimi ni magoti ya watu.

Wakati huo huo kona ya buluu, ya Dogo, walikuwa wanamwaga maji. Kila mapumziko, dakika moja, ndoo, sponji ya kichwani, chupa mdomoni, na anayotema nusu inaingia kwenye ndoo na nusu inabaki kwenye turubai. Kona nyekundu walikuwa na taulo wanafuta kabla ya kengele. Buluu hawakuwa na mtu wa taulo. Niliona, nikasema moyoni kwamba turubai ni la pamba, litanyonya.

Raundi ya nane, kama dakika ya pili. Dogo alimsukuma bingwa hadi kwenye kona ya buluu, kona yake mwenyewe. Kushoto tumboni, kushoto tena, na bingwa akashusha viwiko. Mkono wa kulia wa Dogo ukaanza safari. Nilisikia mlio chini ya bodi, si dum, ni kitu kama mtu anayekanyaga tope, na mguu wa nyuma wa Dogo ukaondoka. Konde likapita juu ya bega. Dogo akapiga goti na glavu moja chini.

Refa akatingisha mikono: kuteleza, hakuna kuhesabu. Uamuzi sahihi kabisa. Akamwinua, akamfuta glavu zote mbili kwenye shati lake kama inavyotakiwa, taratibu, akamtazama usoni, akasema endeleeni. Labda sekunde kumi. Bingwa alizitumia zote kuvuta pumzi, na endeleeni ilipotamkwa alikuwa ameshatoka kwenye kona.

Raundi ya tisa ya bingwa. Ya kumi ya Dogo, bila ubishi.

Jaji wa kwanza 96-94 kwa bingwa. Wa pili 96-94 kwa mpinzani. Wa tatu 95-95. Sare, na sare mkanda haubadiliki kiuno. Wakapanda ulingoni watu ambao sikuweza kuwahesabu, wengine wakilia, wengine wakitafuta majaji. Jukwaa likabeba. Ngazi ya machela haikutumika, isipokuwa na mwandishi mmoja wa redio aliyekuwa anakimbia.

Siku 1 baada

Tumefungua. Nilianza na kona ya buluu, nikiwa peke yangu, kabla vijana hawajafika.

Turubai lilikuwa zima. Sponji chini yake ilikuwa imelowa eneo la kama sinia la pilau. Bodi nyembamba ilikuwa nzima. Vipande vya hadibodi chini yake havikuwa hadibodi tena, vilikuwa uji. Nyuzi za mbao ni nyuzi za mbao, hata ukizibana zikawa ngumu. Maji ya raundi saba yalipita kwenye maungio ya bodi, yakaikuta. Bodi ikashuka kwenye mbao, na ukingoni, inapokutana na bodi ya pili, pakawa na ngazi. Nimepima kwa rula. Milimita tatu.

Nimekaa pale muda. Nilikataa futi mbili za Mwalimu, nilikataa sponji yake, na nikajiona mtu wa haki kweli kweli. Kisha nikazipeleka bodi mbaya pembeni kwa sababu ngumi zinapigwa katikati, nikasahau kwamba maji yanamwagwa pembeni. Kipande cha bati kingetosha. Ninayo mabati gereji, yameegemea ukuta.

Sisemi milimita tatu ndizo sare. Turubai lenyewe lilikuwa limelowa, na mtu aliyechoka huteleza hata kwenye zulia. Lakini mlio nilioupata si wa turubai.

Marekebisho kwa ulingo ujao: bati badala ya hadibodi, bodi zote za unene mmoja, hata kama ni kusubiri wiki ijayo, nailoni kati ya sponji na mbao kwenye kona mbili za mabondia, taulo kila kona, na ikibidi nitakuja nalo mwenyewe.

Siku 4 baada

Fungu la tatu: simu inaita, haipokelewi. Nusu ya pili pia.

Siku 6 baada

Dogo amekuja gereji asubuhi, jicho la kushoto bado limefumba nusu. Ametumwa na mama yake kudai pesa ya chai. Nikamlipa, halafu nikampeleka nyuma nilikoegemeza bodi. Nikamwonyesha chaki, NYEMBAMBA, nikamwonyesha uji uliokauka, nikamweleza lote kama nilivyoliandika hapa.

Aliinama akaugusa ule ukingo kwa kidole gumba. Akaweka mguu wa kulia pale, akageuza kiuno taratibu kama anayerusha lile konde, akaurudisha. Akafanya tena.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Sijui. Kwa sehemu."

Akanyamaza kidogo. Akauliza kama mtu mwingine anajua. Nikamwambia sasa hivi ni yeye na mimi, nikishaandika watajua wengi. Akasema niandike, ila Mwalimu nimwambie mwenyewe kwanza, asiipate kwa watu. Kisha akauliza hiyo bodi nitaifanyia nini. Nikasema sina kazi nayo.

"Mama anataka meza mpya ya chai, ile ya zamani inayumba."

Nimeikata katikati, nimeipigia miguu minne ya skwea paipu iliyobaki kwenye fremu. Tumeipima kwa pima maji. Ameibeba kichwani mpaka kwa mama yake, na mimi nimevaa shati safi kwenda Ilomba.